Nani Alichapa Stensili? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wanawake wa Mwanzo katika Ushabiki wa Hadithi za Kisayansi

Kila nikitaja kwamba wanawake walikuwemo katika ushabiki wa hadithi za kisayansi tangu siku za mwanzo, maswali huwa yaleyale. Wengi wanaamini waliingia baadaye sana, wakafungua mlango ambao wanaume walikuwa wameshaujenga. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ya kueleza.

Ushabiki huu ulianza vipi?

Ulianza kwa anwani. Aprili 1926, Hugo Gernsback alianzisha huko New York jarida la Amazing Stories, la kwanza la Kiingereza kuchapa hadithi za kisayansi peke yake. Barua za wasomaji zilichapwa pamoja na anwani za waliozituma, basi msomaji wa Ohio aliyependezwa na hoja ya mwenzake wa California aliweza kumwandikia moja kwa moja bila kumpitia mhariri. Wanaokumbuka watuma salamu wa redioni, wenye majina yao ya mbwembwe na kadi zao, wakajuana kwa majina hayo mpaka wakaunda vyama na kuanza kutembeleana, hawatapata shida kuelewa. Mambo yalikwenda hivyohivyo.

Kutoka kwenye barua yakazaliwa majarida ya mashabiki wenyewe, yaani fanzini. The Comet, linalohesabiwa kuwa la kwanza, lilitoka Mei 1930. Kutoka kwenye fanzini yakazaliwa makongamano. Kongamano la kwanza la dunia, liitwalo Worldcon, lilifanyika New York Julai 1939, na watu wapatao 200 walihudhuria.

Lakini wanawake walikuwa wakiyasoma majarida hayo kweli?

Gernsback mwenyewe alikiri hilo. Mwaka huohuo wa 1926 aliandika kwamba jambo ambalo hakulitarajia kabisa ni wanawake wengi kuwa wameshaanza kulisoma jarida lake. Desemba alitangaza shindano: msomaji atazame picha ya jalada kisha aitungie hadithi. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Clare Winger Harris, na hadithi yake ikachapwa Juni 1927. Alipoitambulisha, Gernsback aliona lazima aeleze mshangao wake kwamba mshindi ni mwanamke, kwa kuwa, kwa maoni yake, wanawake kwa kawaida hawana elimu ya kutosha ya sayansi kuandika hadithi za namna hii. Hata hivyo aliendelea kuzinunua hadithi zake.

Kauli hiyo imenukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba wanawake walifukuzwa. Mimi naisoma tofauti. Mhariri hashangazwi na mtu ambaye hayupo. Harris alikuwepo, alikuwa amesoma tangazo, alikuwa na kalamu, na aliwashinda wanaume wengi waliopeleka zao.

Morojo ni nani, na kwa nini anatajwa kila mahali?

Kwa maoni yangu alistahili kutajwa mapema zaidi ya hapo. Jina lake ni Myrtle R. Douglas, aliyezaliwa mwaka 1904, mwanachama wa klabu ya mashabiki ya Los Angeles. "Morojo" linatokana na herufi za jina lake zikitamkwa kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa aliyoipenda kwa dhati. Ni Kiesperanto kilichomkutanisha na Forrest J Ackerman, shabiki kijana ambaye baadaye angekuwa maarufu kuliko mashabiki wote wa Marekani. Mwaka 1939 Ackerman alikuwa na miaka 22 na Morojo alikuwa na miaka 35. Alikuwa mtu mzima katikati ya vijana, na hilo linaonekana katika kazi yake: alimaliza alichokianza.

Wawili hao walisafiri hadi New York kwa Worldcon ile ya kwanza wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo. Mitindo ilitokana na michoro ya Frank R. Paul, mchoraji wa majalada ya Gernsback, na filamu ya Things to Come ya mwaka 1936. Mavazi yote mawili, la kwake na la Ackerman, aliyashona Morojo. Katika ukumbi mzima ni wao tu waliovaa hivyo. Mwaka uliofuata, kwenye Worldcon ya Chicago, tayari kulikuwa na maonyesho ya mavazi, na desturi hiyo haijakatika hadi leo. Mwaka 1941 huko Denver alijitokeza na kinyago cha kiumbe mwenye uso wa chura, kilichotengenezwa na kijana Ray Harryhausen, yuleyule aliyekuja kuwa bingwa wa madoido ya filamu.

Neno kosplei lilibuniwa Japani miaka ya 1980, na vijana wanaojipamba kama wahusika wa katuni kwenye makongamano ya Nairobi wanalitumia bila kuwaza lilikotoka. Kwa muda mrefu vitabu vilimwita Ackerman baba wa kosplei, kwa sababu yeye ndiye aliyepigwa picha zaidi na ndiye aliyeishi hadi 2008 akisimulia. Morojo alifariki 1964. Ni sawa na kumsifu bwana harusi kwa suti na kumsahau fundi. Ackerman mwenyewe hakumsahau: baada ya kifo chake alitoa kijitabu cha kumkumbuka.

Mavazi hata hivyo si kazi yake kubwa. Kubwa zaidi ni Voice of the Imagi-Nation, fanzini aliyoihariri pamoja na Ackerman kuanzia 1939 hadi 1947, matoleo 50. Karibu lote lilikuwa barua za mashabiki. Vita vilipowatawanya vijana kambini na baharini, jarida kama hilo ndilo lililowafanya waendelee kujuana. Ukitaka kujua mashabiki wa miaka hiyo waliwaza nini, walibishania nini na walipendana vipi, unalisoma hilo.

Kwa nini unaisisitiza sana kazi ya kuchapa?

Kwa sababu wasioijua wanadhani kuhariri fanzini ilikuwa kukaa na kuandika maoni. Waliosoma shule zetu kabla ya mashine za fotokopi wanaikumbuka harufu ya wino wa saiklostaili kwenye karatasi za mtihani. Mashine ni ileile.

Unachukua stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, unaiingiza kwenye taipureta na kuuondoa utepe wa wino njiani, ili herufi zigonge nta moja kwa moja na kuitoboa. Ukigonga kwa nguvu mno, kiini cha herufi "o" kinadondoka na mahali pake panatoka doa jeusi kwenye kila nakala. Ukigonga kwa ulegevu, herufi haipiti. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unasubiri ikauke, unarudia juu yake ukiomba isipasuke. Ikiwa tayari unaifunga kwenye pipa la mashine lenye wino, unazungusha mpini, na karatasi zinapita mojamoja. Jarida la kurasa 20, nakala 100, ni mizunguko 2,000 ya mpini. Halafu marundo yanapangwa mezani, mnaizunguka meza mkiokota karatasi moja kutoka kila rundo, mnabana kwa stepla, mnaandika anwani, mnalamba stempu. Waliokosa fedha ya mashine walitumia sinia la jelatini na wino wa zambarau, ambalo baada ya nakala kama 50 lilififia kabisa.

Katika Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, kupiga taipu na kuchapa stensili ulikuwa ujuzi ambao wasichana walifundishwa kwa ajili ya kazi za ofisini. Waliuleta nyumbani jioni na kuutumia kwa wanachokipenda. Aliyeandika makala ya mbele alipata jina. Aliyekaa na stensili hadi usiku wa manane mara nyingi alishukuriwa kwa mstari mmoja, au hakushukuriwa.

Ujuzi huo ulivuka mipaka ya ushabiki pia. Edythe Eyde, aliyefahamika kwa mashabiki wa Los Angeles kama Tigrina na aliyekuwa akiandikia jarida la Morojo, mwaka 1947 alitoa Vice Versa, jarida la kwanza linalojulikana Marekani la wanawake wanaopenda wanawake. Aliyapiga taipu matoleo tisa kwa karatasi za kaboni ofisini kwake, katika studio ya filamu ya RKO, na nakala zake zikapita mkono kwa mkono. Alijua kutengeneza jarida bila kiwanda kwa sababu alikuwa ameshakulia mahali ambapo hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Ni kweli walijificha nyuma ya majina ya kiume?

Wachache, na sababu zao si zile zinazodhaniwa. C. L. Moore ndiye anayetolewa mfano kila mara. Hadithi yake ya kwanza katika Weird Tales ilitoka Novemba 1933. Catherine Moore alifanya kazi benki huko Indianapolis, na katika ule mdororo mkubwa wa uchumi aliogopa mwajiri asije akajua kwamba ana kipato kingine akampunguza kazini. Alificha jina kwa sababu ya benki, wala si kwa kuwaogopa wasomaji. Mwaka 1936 mwandishi kijana Henry Kuttner alimwandikia barua ya kumsifu, akimwita Bwana Moore. Walioana 1940 na kuandika pamoja miaka mingi.

Kisa cha Lee Hoffman nakipenda zaidi. Alikuwa msichana wa Savannah, Georgia, na mwaka 1950, akiwa na miaka 18, au karibu nayo, alianzisha fanzini iitwayo Quandry, jina ambalo alilikosea herufi na likabaki hivyo. Kwa mwaka mmoja likawa jarida lililosomwa kuliko mengi Marekani, na hadi Belfast, ambako Walt Willis aliliandikia safu yake maarufu. "Lee" ni jina la mwanamume au mwanamke, na karibu wote walichagua kudhani ni mwanamume. Septemba 1951 alikwenda New Orleans kwenye Worldcon, akaingia chumba cha hoteli walimokaa mashabiki aliokuwa akiandikiana nao, na mabishano yakasimama ghafla. Hakuwa amemdanganya mtu yeyote.

Hapa Kiswahili kinanipa taabu ya ajabu. Kwa lugha yetu ningeweza kumzungumzia Lee Hoffman mwaka mzima, "aliandika", "alisema", "jarida lake", bila kufichua lolote. Kiingereza hakikuwaachia nafasi hiyo. Kila waliposema "yeye" iliwabidi wachague, na kila mara walichagua vilevile.

Mwandishi Isaac Asimov aliwapinga wanawake?

Akiwa na miaka 18 na 19, ndiyo, hadharani. Mwaka 1938 na 1939 aliandika barua katika jarida la Astounding akilalamika kwamba wanawake na mapenzi yao wanaziharibu hadithi za kisayansi. Mary Byers wa Ohio alimjibu katika jarida lilelile. Alikubaliana naye kwamba upuuzi upunguzwe, lakini akaeleza kuwa kupunguza upuuzi si kupunguza wanawake: tatizo ni namna wanavyoingizwa katika hadithi na kazi wanayopewa humo. Ni hoja ambayo wahakiki waliandika vitabu vizima kuitetea miaka arobaini baadaye, na yeye aliimaliza katika barua moja. Byers baadaye alijiunga na mashabiki wa New York na kuolewa na mwandishi C. M. Kornbluth. Barua yake, kwangu, inatosha kumkumbuka kwayo peke yake.

Je, wengi hawakuwa wake na wapenzi wa mashabiki tu?

Baadhi waliolewa na mashabiki, kama vile mashabiki wengi wa kiume walivyooa mashabiki. Neno "tu" ndilo lenye kosa.

Chukua Futurians, kundi la vijana wa New York lililoanza 1938. Doris Baumgardt, aliyetumia jina la Leslie Perri, alikuwemo tangu mwanzo, akiandika na kuchora. Kwenye Worldcon ya 1939 ugomvi wa vilabu ulisababisha wanaume sita wa kundi hilo wazuiwe mlangoni. Perri aliruhusiwa kuingia. Judith Merril aliingia katika kundi hilo miaka ya vita akiwa mama wa mtoto mchanga, akatoa fanzini, na Juni 1948 Astounding ikachapa hadithi yake ya kwanza ya kisayansi, inayomhusu mama na mtoto katika dunia yenye mionzi ya nyuklia. Alihamia Toronto, na mwaka 1970 aliikabidhi maktaba ya umma ya mji huo mkusanyo wake wa vitabu na majarida yapatayo 5,000. Hadi leo ni moja ya hazina kubwa za fani hii, na inaitwa kwa jina lake. Virginia Kidd, rafiki yake wa miaka hiyo, akawa wakala wa waandishi, na mmoja wa wateja wake alikuwa Ursula K. Le Guin.

Halafu Julian May. Mwaka 1952, akiwa na miaka 21, aliongoza Worldcon ya Chicago, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Watu wapatao 870 walifika, idadi ambayo haikufikiwa tena kwa miaka kama kumi na mitano. Na mwaka 1960 Elinor Busby wa Seattle akawa mwanamke wa kwanza kupata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi. Aliipata kwa fanzini waliyoitoa yeye, mumewe na wenzao, miaka minane kabla Hugo ya hadithi haijakwenda kwa mwanamke.

Kisa cha Femizine ni kipi?

Kinaumiza, na nadhani kisimuliwe bila kucheka. Uingereza, mwaka 1954, lilizuka jarida la mashabiki wa kike, Femizine. Mhariri wake alikuwa Joan W. Carr, mwanajeshi. Wanawake waliokuwa wametawanyika miji mbalimbali, kila mmoja akidhani yuko peke yake, waliandikia, wakabishana, wakajuana. Kwa mara ya kwanza walikuwa na mahali pao.

Mwaka 1956 ikafichuliwa kwamba Joan Carr hakuwepo. Alikuwa Sandy Sanderson, mwanajeshi wa kiume aliyeanza mchezo huo kama mzaha. Wengine walikasirika, wengine walihuzunika, kwa maana walikuwa wamemwandikia Joan mambo ya moyoni.

Jarida lingeweza kufia hapo. Wanawake wenyewe walilichukua. Ethel Lindsay, muuguzi kutoka Scotland, ni miongoni mwa waliolishika hadi 1960, na mwaka 1962 mashabiki walimchagua na kumchangia nauli ya kwenda Marekani kuwawakilisha. Mwenye mzaha aliwapa jarida la uongo. Wao walilifanya la kweli.

Walikuwepo wanawake weusi?

Klabu ya Scienceers ya New York, moja ya klabu za kwanza kabisa, ilianza Desemba 1929, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mtu mweusi, Warren Fitzgerald. Vijana hao, wengi wao wazungu, walikutana nyumbani kwake Harlem. Mwenzao Allen Glasser, alipoandika kumbukumbu za siku hizo, alimsifu mke wa Fitzgerald kwa ukarimu aliowakirimu. Jina lake hakulitaja.

Narudi kwenye sentensi hiyo mara nyingi. Nyumba yake ilikuwa ukumbi wa klabu.

Zaidi ya hapo, ushabiki wa miongo hiyo ulikuwa wa wazungu kwa sehemu kubwa sana, na sitaki kuupamba.

Na tamthilia ya televisheni ya Star Trek?

Wengi hudhani wanawake waliingia kwa mlango huo mwaka 1966. Walikuja wengi wapya, ni kweli, na Spockanalia, fanzini ya kwanza ya Star Trek, iliyotoka 1967, ilihaririwa na wanawake wawili, Devra Langsam na Sherna Comerford. Lakini waliojua kuendesha mambo walikuwa wa zamani. Kampeni ya barua ya kuiokoa tamthilia hiyo isifutwe iliongozwa na Bjo Trimble na mumewe John, na Machi 1968 kituo cha NBC kilitangaza hewani kwamba itaendelea. Bjo hakuwa mgeni. Kongamano lake la kwanza lilikuwa Chicago 1952, lile la Julian May, akiwa bado katika jeshi la wanamaji, na mwaka 1960 alikuwa ameanzisha maonyesho ya sanaa katika Worldcon ya Pittsburgh. Alipohitaji maelfu ya barua alijua anwani ziko wapi.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu yetu ya kuipenda tamthilia hiyo. Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipata jina kutokana na neno letu "uhuru". Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya yenye jina hilo mkononi, na mazungumzo juu yake yakazaa jina la mhusika. Msichana mweusi aliyewasha televisheni na kumwona mwanamke huyo kwenye chombo cha anga alikuwa, bila kujua, anasikia Kiswahili.

Nitazisoma wapi fanzini zenyewe?

Nyingi zimeskaniwa na zinasomwa bure kwenye tovuti ya fanac.org. Chuo Kikuu cha Iowa kinahifadhi mkusanyo wa Hevelin, Riverside huko California wana mkusanyo wa Eaton, na Toronto wana ule wa Merril.

Ukifungua toleo lolote, usianze na makala. Tafuta kwanza mistari midogo ya ukurasa wa mbele au wa mwisho, panapoandikwa nani alikata stensili, nani alizungusha mashine, nani alipanga kurasa. Katika majarida mengi ya zamani majina ya wanawake yako hapo, kwa herufi za taipureta zilizofifia kidogo.